Nimonia "nyepesi": homa imeondoka, pumzi haijarudi

MkaziWaKibokoni
Assalam aleikum waungwana, na wengine wote hamjambo.

Saa nane hii ya usiku usingizi umenipaa na kifua kinanikereketa, basi nimeona bora niandike. Nina miaka 43. Mchana ni karani wa mizigo Shimanzi. Asubuhi na jioni huadhini katika msikiti mdogo mtaani kwetu, Mji wa Kale. Silipwi, ni kazi niliyoirithi kwa marehemu mzee wangu.

Mambo yalianza mwezi wa saba, kusi limeshika kweli kweli. Koo likaniwasha, kichwa kikaniuma, nikasema mafua haya. Wiki ikapita. Kikaja kikohozi kikavu, kinaamka nikilala na kinalala nikiamka. Homa si ya kutisha, kipimo cha nyumbani kilisoma 37.9. Kazini nikawa naenda kama kawaida.

Nikapita kemisti, nikapewa ile dawa ya rangi mbili. Siku nne, wapi! Siku ya tano nikaenda kliniki. Daktari akanisikiliza mgongoni, akanipeleka eksirei, kisha akaitundika picha kwenye taa: pafu la kushoto, upande wa chini, kuna weupe kama ukungu wa dirishani. "Una nimonia, lakini ni nyepesi. Utajiuguza nyumbani." Akanibadilishia dawa. Siku ya tatu homa ikakata. Nikala mbaazi kwa mahamri kama mtu aliyetoka jela.

Sasa ndiyo naja kwenye neno lenyewe. Ijumaa ile nikashika maikrofoni kuadhini Magharibi. Wanaojua wanajua, zile takbira mbili za kila mkupuo husomwa kwa pumzi moja. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakatikia njiani. Nikavuta hewa, nikakohoa mumo humo kwenye maikrofoni, mtaa mzima ukasikia. Kijana mmoja akanipokea akamaliza yeye.

Leo ni wiki ya tatu tangu nimalize dawa. Homa sina. Lakini nikipanda ngazi za ofisini nasimama orofa ya pili nikijifanya natazama simu. Hii ni kawaida? Ama daktari alinituliza tu na hiyo "nyepesi" yake?

JiraniYako
Kumbe ndiyo mambo! Sisi huku tulidhani spika imeharibika. Pole sana ustadh, Mola akupe shifaa.

SindanoTu
Mimi 2019 nilipigwa sindano tano, ya sita niliikimbia mwenyewe kwa kuwa nimeshapona. Vidonge ni vya watoto. Rudi uwaambie wakudunge.

NasiMstaafu
Ustadh, pole. Nimeuguza wodi za kifua miaka mingi kabla sijastaafu, basi nisikilize kama unavyomsikiliza shangazi yako.

"Nyepesi" ni neno letu sisi wauguzi, si la mgonjwa. Maana yake unapumua bila kusaidiwa, oksijeni inatosha, presha haijaanguka, akili iko sawa, na dawa waweza kuimeza nyumbani. Basi. Halisemi lolote juu ya utakavyojisikia. Nimeona wanaume wa bandarini, mabega kama milango, wanalia kwa uchovu wa nimonia nyepesi.

Pafu si mfuko mtupu. Lifikirie kama sponji: mamilioni kwa mamilioni ya vifuko vya hewa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu membamba mno. Vijidudu vikiingia, mwili hupeleka askari wake, na vita hivyo huacha majimaji na taka ndani ya vifuko. Ule weupe kwenye picha ndio huo, mahali pa hewa pamejaa maji. Na daktari aliposikiliza mgongo huenda alikuwa akitafuta mchakacho. Ukitaka kuujua ulivyo, shika nywele karibu na sikio uzisugue kwa vidole viwili. Kama umenyoa, tumia ndevu za shavuni.

Sasa, dawa huua vijidudu. Kuzoa taka si kazi yake. Huo ni mzigo wa mwili wenyewe, nao huzoa kwa mwendo wa lile gari la taka la mtaani kwangu. Kuna na vinywele vidogo ndani ya njia ya hewa vinavyofagia makohozi kuyapandisha juu. Hivyo huumia, na mpaka virudi hali yake wewe utakohoa.

Hesabu wanayopewa wagonjwa ni hii. Wiki ya kwanza homa iwe imeondoka. Kufika wiki ya nne kifua kiwe kimepunguza kuuma na makohozi yamepungua. Wiki ya sita kikohozi na kuhema viwe vimeshuka sana. Miezi mitatu mengi yamekwisha, ila uchovu waweza kubaki. Miezi sita, wengi wao wamerudi walivyokuwa. Wewe uko wapi hapo? Hujachelewa hata kidogo. Ulilokosea ni kukimbilia maikrofoni wiki ile ile homa ilipokata.

Na wewe SindanoTu, mwanangu, acha kupotosha watu. Mtu anayeweza kumeza na kubakiza tumboni, kidonge kinafika pafuni. Sindano ni ya aliyezidiwa au anayetapika.

SindanoTu
Haya mama, nimekoma 😂

MwanagenziWaDawa
Nasomea mambo ya dawa, naomba niongeze kuhusu hiyo rangi mbili.

Kama ilikuwa amoksilini, yeye na jamaa zake wa ukoo wa penisilini hufanya kazi moja, wanauharibu ukuta wa bakteria. Kuna bakteria aitwaye Mycoplasma pneumoniae ambaye hana huo ukuta. Umemtuma fundi akabomoe ukuta kwenye kiwanja kitupu. Atarudi jioni na nyundo yake begani. Huyu ndiye anayesababisha sana hizi nimonia za kutembea, mgonjwa yuko barabarani, yuko kazini, yuko sokoni Kongowea, huku pafu lina ukungu. Anahitaji dawa za ukoo mwingine, kama azithromaisini au doksisaiklini. Picha yake pia ina vituko, mara nyingi ni mbaya kuliko mgonjwa mwenyewe anavyoonekana.

Alisumbua vichwa vya wataalamu. Mwaka 1944 Monroe Eaton wa Marekani alikiona kiini hiki, na kwa kuwa kilipenya kwenye vichujio vya kuzuia bakteria, watu wakakiita virusi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo Robert Chanock na wenzake walipomwotesha maabara na kumtambua.

Lakini msiitupe amoksilini. Nimonia ya pneumokoka, ambayo ndiyo kubwa zaidi miongoni mwa zile za bakteria, huwa inaisikia vizuri. Na nyingine ni za virusi, hazisikii antibayotiki yoyote. Kosa ni kununua vidonge vinne kwa kubahatisha.

Ustadh, ulipimwa ni kijidudu gani?

MkaziWaKibokoni
Hapana. Daktari alisema kwa jinsi ilivyokuja pole pole, na kikohozi kikavu, na rangi mbili kushindwa, anaanza na dawa ya ukoo huo mwingine. Ikaitika. Mama Nasi, ahsante. Umenitua mzigo.

BiMkubwaMakadara
Mwanangu, hicho ni kichomi cha kusi. Zama zetu mtu akishikwa na kichomi tukimkanda mafuta ya nazi yaliyokaangwa kitunguu thomu, tukimfukiza majani ya mkaratusi ndani ya shuka, tukimpa uji wa pilipili manga, wala hatoki nje mpaka upepo utulie. Na nyumba ikifukizwa udi na ubani asubuhi na jioni. Nyinyi wa siku hizi mwatembea na kichomi mpaka ofisini.

NasiMstaafu
Shikamoo Bi Mkubwa. Uji sikukatazi, na mimi mwenyewe naupenda, pilipili manga na tangawizi. Kukandwa pia kunampa mgonjwa raha na usingizi. Asali na ndimu hutuliza koo, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Habasoda na vinginevyo, mtu anywe kama anapenda, lakini juu ya dawa, si badala ya dawa.

Kujifukiza ndiko kunakonitia hofu. Mvuke hauui vijidudu vya pafuni, unalainisha pua tu, na nimewauguza watu walioungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka ndani ya shuka. Mtu akae bafuni maji moto yakimwagika, imetosha.

Na chetezo, Bi Mkubwa, nisamehe. Nyumba za Mji wa Kale zina vyumba vya ndani visivyo na dirisha. Ukifukiza udi humo, na mgonjwa amelala humo, unamrudishia moshi kwenye kidonda. Jiko la makaa vile vile, na ile dawa ya mbu ya kuwasha. Sigara na shisha sihitaji hata kuzisema. Kusi lenyewe halileti kijidudu; watu ndio hufunga madirisha wakajazana ndani wakakoholeana.

BiMkubwaMakadara
Marahaba. Udi nitaweka barazani basi. Lakini uji anywe.

BintiGanjoni
Mimi niwachekeshe kidogo. Mwaka juzi nilipata hii hii, wiki ya harusi ya dada. Nilikohoa kwenye singo, nikakohoa kwenye kupamba, watu wakasema bibi harusi na somo wake nani mgonjwa. Siku ya pili yake nikaenda kliniki, wakanibana kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kikasoma 84. Kikaonyesha vistari. Kikasoma 79. Mama yangu akaanza kusoma Yasini pale pale kwenye kiti.

Muuguzi akanitazama vidole, nina piko mpaka kwenye kucha, nyeusi ti. Akacheka, akakibandua, akanibana ndewe ya sikio. 96.

MwanagenziWaDawa
Hiyo kweli kabisa. Kile kipimo hupitisha mwanga ndani ya kidole na kuhesabu rangi ya damu. Piko nyeusi inauziba mwanga. Hina nyekundu haina shida sana. Rangi ya kucha iliyokolea nayo ibanduliwe kwanza.

NasiMstaafu
Na kingine. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kipimo hicho mara nyingine husoma juu kidogo kuliko ukweli. Kwa hivyo mtu akiwa anahema, anashindwa kumaliza sentensi, usitulie kwa sababu kipimo kimesema 95. Tazama mgonjwa kwanza, kipimo baadaye.

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Mtu mzima akifika 30, huyo si wa kukaa naye nyumbani. Wala si yule ambaye midomo, ufizi au ulimi umegeuka rangi ya kijivu au buluu, au anakohoa damu, au maneno yake yameanza kuchanganyika. Kipimo kikisoma 92 au chini yake bila piko, usingoje asubuhi. Wazee wawe na jicho lao peke yao, maana mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa wala kikohozi cha maana. Unamwona tu hataki kula, halafu anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa.

Na homa ikikata kisha ikarudi, hiyo ni hatari nyingine. Huenda maji au usaha umekusanyika kwenye utando wa pafu. Rudi hospitali.

KijanaLikoni
Samahanini, na isiwe naleta nuksi. Kikohozi wiki sita hiyo mbona kama TB? Binamu yangu aliambiwa nimonia mara mbili, kumbe TB.

NasiMstaafu
Hukuleta nuksi, umeuliza swali ambalo ustadh alitakiwa aliulize. Kikohozi kikipita wiki mbili, hapa kwetu mtu apimwe TB, nimonia au si nimonia. Hasa kama kuna jasho la usiku la kulowesha shuka, kukonda, kukosa hamu ya chakula. Zahanati na hospitali za serikali kipimo na dawa ni bure. Na wala si aibu. Ukiwa nayo, dawa ni miezi sita na unapona.

MwanagenziWaDawa
Ndiyo maana nachukia kununua antibayotiki kiholela. Baadhi yake, kama levofloksasini, huipunguza TB makali kwa muda. Mtu anajiona nafuu wiki mbili, tatu, halafu inarudi, na ugonjwa umechelewa kugunduliwa.

MkaziWaKibokoni
Nimesoma yote. Kesho naenda kupima.

MkaziWaKibokoni
(siku nne baadaye) Nimerudi na habari.

Nilipewa kikopo nikaambiwa niende nje, penye hewa, nitoe makohozi. Nikatema, nikarudisha. Dada wa maabara akakiinua kwenye mwanga: "Haya ni mate, baba." Akanirudisha na kikopo kingine, nije nacho kesho asubuhi kabla sijala, nisukutue maji matupu, nivute pumzi mbili za ndani, kisha nikohoe kutoka chini kabisa. Asubuhi nikafanya hivyo kwenye paa la nyumba, majirani wakidhani natapika. Kikatoka kitu kizito cha manjano. Akaridhika.

Majibu: hakuna TB. Alhamdulillahi. Oksijeni 97. Kwa kuwa niliwahi kuvuta sigara miaka kumi (niliacha, msinihukumu), daktari ataka eksirei nyingine ikitimia wiki sita, kuhakikisha hakuna kitu kimejificha nyuma ya ule ukungu. Alisema kwa wavutaji na waliopita miaka hamsini huwa hawaachi hivi hivi. Tena picha huchelewa kutakata kuliko mwili, kwa hivyo kuipiga mapema ni kupoteza pesa.

Mama Nasi, sasa nifanyeje pumzi irudi?

NasiMstaafu
Hongera, hilo moja limetoka njiani.

Kwanza usilale ukashinda kitandani. Kaa wima, lala na mito miwili, mitatu. Kunywa maji ya kutosha ili makohozi yawe mepesi. Madafu, supu, chochote. Kikohozi kinachotoa makohozi usikizibe kwa dawa ya kuzima kikohozi, kile ndicho fagio lako.

Mara nne kwa siku, keti, tuliza mabega. Vuta hewa kwa pua pole pole mpaka uhisi tumbo limesukumwa mbele, zuia uhesabu tatu, kisha toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza kikombe cha kahawa tungu. Mara tano hivi, sita. Ukimaliza, fungua mdomo utoe pumzi ya "haa" kwa nguvu, kama unavyotia ukungu kwenye kioo cha miwani. Yatapanda yenyewe. Ukisikia kisunguzungu, acha, pumzika.

Na utembee. Kutoka kwako mpaka Ngomeni na kurudi, jua likishapoa. Mwendo ni ule wa kuweza kuongea na mwenzako njiani. Ukishindwa kuongea, umezidisha, tafuta baraza ukae. Kesho ongeza hatua chache. Ukiamka umechoka kuliko jana, punguza. Watu wanadhani wakijikaza watapona haraka. Nimewaona wengi wanaojikaza siku moja na kulala tatu.

Adhana mwachie huyo kijana kwanza.

JiraniYako
Huyo kijana sauti anayo, ila ana haraka kama anakimbizwa.

MamaWawili
Naomba nisaidiwe, nina wasiwasi. Mume wangu alikuwa na hii hii ya kutembea, amepona. Sasa wiki tatu hivi baadaye mtoto wa miaka minne ameanza kukohoa. Alichanjwa chanjo zote. Yaweza kuwa ni ile ile?

NasiMstaafu
Yaweza, mama. Mycoplasma hukaa mwilini wiki moja hadi nne, mara nyingi mbili au tatu, kabla haijajitokeza, kwa hivyo ndani ya nyumba moja watu huugua kwa zamu. Inapita kwa matone ya kikohozi baina ya watu wanaokaa karibu muda mrefu. Kukohoa ndani ya kiwiko na kunawa mikono kunasaidia.

Chanjo hazikupotea bure. Ya pneumokoka ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na utafiti wa hapo Kilifi ulionyesha aina zilizomo kwenye chanjo zilivyoanguka kwa watoto wadogo. Ila Mycoplasma haimo.

Sasa mvue shati akiwa ametulia, halii, hanyonyi kitu. Hesabu kifua kinavyopanda dakika nzima. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 na kuendelea ni kasi, mpeleke leo hii. Miezi miwili hadi kumi na moja ni 50, na mchanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Tazama na mbavu za chini: akivuta hewa pakibonyea ndani, au anakoroma kwa kuugulia, au hawezi kunywa, usihesabu tena, panda tuktuk uende.

MamaWawili
Nimehesabu mara mbili, 28. Anacheza. Kesho nampeleka aangaliwe hata hivyo. Ahsante mama.

SindanoTu
Mama Nasi nami nilikuwa nahesabu zangu hapa. 17. Niko salama?

NasiMstaafu
Uko salama. Acha sigara.

MkaziWaKibokoni
(mwezi na nusu baadaye) Waungwana, naufufua uzi.

Eksirei ya pili imetoka safi, weupe umebaki uzi mwembamba tu ambao daktari hakuujali. Kikohozi huja alfajiri mara mbili, tatu, kisha basi. Ngazi za ofisini napanda zote, orofa ya pili sisimami ila kwa salamu. Uchovu ndio mkaidi. Saa tisa mchana macho yanajifunga yenyewe juu ya makaratasi, na bosi wangu hajui kama nimonia nyepesi ina mkia mrefu hivi.

Jana nikaadhini Magharibi. Nilikuwa nimejaribu nyumbani siku saba, chumbani, mke wangu akihesabu kwa vidole. Takbira mbili, pumzi moja. Nikakaribia kuishiwa kwenye "Hayya alal-falah" ya pili, nikaifupisha kidogo, nadhani hakuna aliyejua. Alfajiri bado namwachia kijana, baridi ya saa kumi na moja hainipendi.

BiMkubwaMakadara
Uji ule.

JiraniYako
Ile falah tuliisikia, tukanyamaza kwa heshima. Lakini huyo kijana wa Alfajiri mwambie asogee nyuma kidogo ya maikrofoni, anatuamsha kwa kupumua kabla hajaanza.